Tunamjua Freddie Mercury, Sunburst je?

Najua nimepotea. Field imenibana, maandalio ya masomo hayaishi, na huku Nachingwea mtandao una siku zake za kupatikana na siku zake za kununa. Leo sina stori ya bumu wala ya supu. Leo nimekuja na hoja, na naomba tubishane kwa adabu.

Hoja yenyewe ni hii: moja ya albamu bora kuwahi kutengenezwa na bendi ya Tanzania ni albamu ya roki. Inaitwa Ave Africa. Bendi inaitwa Sunburst, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, na albamu ilirekodiwa Lusaka mwaka 1976. Nasema tena ili asiwepo wa kujifanya hajasikia: albamu ya roki, tena ile roki ya kuzungusha kichwa, na ni ya kwetu.

Najua kuna mtu hapo ameshacheka. Bongo na roki wapi na wapi? Sisi si watu wa dansi, taarabu, mchiriku, bongo fleva na singeli? Sawa. Ila mtu huyo huyo ukimtajia Freddie Mercury anakaa vizuri kwenye kiti. "Yule mtu wetu bwana, kazaliwa Zanzibar!" Kweli, alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake ikaondoka mwaka 1964. Sina ugomvi naye, mimi mwenyewe Queen nawazimikia. Lakini angalieni tunavyojivuna: tunajivunia mtu aliyetengeneza muziki wake ughaibuni, halafu vijana waliopiga roki hapa hapa Dar, kwa Kiswahili, tukiulizwa majina yao tunabaki kutazamana. Hicho ndicho kinachoniuma.

Ngoja niwaambie nilivyofika huko. Kama wengi wenu, nilianzia kwa Sampa the Great, yule dada wa Zambia anayechana kama hana shida na pumzi. Nikakuta kashirikishwa kwenye albamu inaitwa Zango, ya mwaka 2023, ya bendi ya Zambia inaitwa WITCH. Nikadhani ni vijana wenzetu. Kumbe ni wazee! WITCH ilitamba Zambia miaka ya 1970, ikafa, ikafufuka, na Zango ilikuwa albamu yao ya kwanza baada ya karibu miaka arobaini. Nikaisikiliza chumbani mara tatu mfululizo. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "Oya, hao wazungu wanapiga makelele gani?" Nikamwambia sio wazungu, ni majirani zetu wa mwisho wa reli ya TAZARA. Akagoma kuamini mpaka nilipomwonyesha picha.

Kwa wale wasioujua muziki wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani na Uingereza ilizuka aina ya roki iliyoitwa saikedeliki. Gita linapitishwa kwenye kifaa cha kulikwaruza mpaka sauti inakuwa kama nyuki kwenye debe, au linakanyagiwa pedali mpaka linalia kama mtoto. Kinanda kinavutwa, nyimbo zinakuwa ndefu, sauti zinarudi kama mwangwi kisimani. Jimi Hendrix ndiye wengi wanayemkumbuka. Muziki huo ukasambaa kwa redio na santuri, na kila ulipofika vijana wakauchanganya na wa kwao. Zambia mchanganyiko huo wakauita Zamrock.

Zambia ilikuwa na bahati mbili. Kwanza, shaba ilikuwa na bei, vijana wa miji ya migodini wakapata hela ya magita. Pili, Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia wenyewe. Wanamuziki wakaambiwa haya, tengenezeni basi. Halafu mkosi ukaja nao: bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, uchumi ukayumba, na baadaye UKIMWI ukawapitia wanamuziki wale mmoja baada ya mwingine. Katika kikosi kile cha mwanzo cha WITCH alibaki mwimbaji wao, Emanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari, jina alilolipata kwa Mick Jagger wa Rolling Stones.

Wanaelimu wenzangu, hapa mtege masikio: Jagari aliacha bendi akaenda kuwa mwalimu wa muziki! Baadaye akawa mchimbaji wa vito. Miaka ikapita, makampuni ya nje yakaanza kutoa upya santuri za Zamrock, vijana wa Ulaya wakamtafuta, mwaka 2019 ikatoka filamu ya maisha yake, bendi ikaundwa upya na wanamuziki wa Uholanzi pamoja na Wazambia, na Zango ikarekodiwa Lusaka kwenye studio ile ile ya DB waliyoitumia kwa albamu yao ya Lazy Bones!! mwaka 1975.

Sasa mimi nikawa najiuliza: Lusaka ya miaka hiyo, reli mpya ya TAZARA, nchi mbili rafiki, Nyerere na Kaunda kila siku pamoja. Inawezekana kweli hakuna Mbongo aliyeonja moto ule? Nikatafuta. Ndipo nikakutana na Sunburst, na tangu siku hiyo Zango nimeiweka pembeni kidogo.

Sunburst walianza kama bendi nyingi za mahotelini, wakipiga nyimbo za soul za Marekani kwa wateja, ikiwemo pale Rungwe Oceanic, hoteli ya ufukweni Dar. Mwimbaji wao wa mbele alikuwa James Mpungo. Mpiga gita na mtunzi mkubwa alikuwa Hembi Flory Kongo, aliyetoka Kongo. Kwa hiyo bendi yenyewe tayari ilikuwa mchanganyiko, si ya kabila moja wala nchi moja. Taratibu wakaacha kukopi, wakaanza kutunga, na mtindo wao wakaubatiza jina la Kitoto. Rekodi zao zilizobaki ni za kuanzia mwaka 1973 mpaka 1976, na Ave Africa ndiyo albamu yao pekee. Bendi haikudumu muda mrefu baada ya hapo.

Halafu kimya. Kimya cha miaka arobaini. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikakusanya albamu ile pamoja na rekodi zao nyingine, ikazitoa upya. Wazungu wakasifia kwenye magazeti yao ya muziki. Sisi? Hata hapo Mlimani ukiuliza Sunburst, mtu anafikiri unataka kumuuzia miwani ya jua.

Sasa kwa nini nasema ni albamu bora, na sio tu "kitu cha zamani"? Maana vya zamani viko vingi, na sio kila cha zamani ni dhahabu. Nina sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni wakati wenyewe. Someni historia yetu ile ambayo mtihani hauulizi. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana: sketi fupi marufuku, suruali za kubana marufuku, mawigi marufuku, krimu za kujichubua marufuku. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam, eti unaharibu vijana. Miezi michache baadaye, mwaka 1970, vijana hawa wanaunda bendi yenye jina la Kiingereza na wanapiga soul hotelini! Hebu fikirieni presha iliyokuwepo. Upande mmoja serikali inasema rudini kwenye utamaduni wa Mwafrika. Upande wa pili kijana wa mjini ana Hendrix na James Brown kichwani. Bendi nyingi zilichagua upande. Bendi za mashirika, NUTA Jazz, Polisi Jazz, Urafiki na nyinginezo, zilikuwa na mwajiri, zina vyombo na mshahara, zikajenga dansi tunalolipenda mpaka leo. Nyingine zikabaki kukopi nyimbo za nje mpaka zikafa. Sunburst walikataa kuchagua. Walichukua gita la kukwaruza wakaliweka juu ya ngoma. Walichukua madai ya serikali ya Uafrika wakayaimba kwa vyombo ambavyo serikali ilikuwa inavitilia shaka. Yaani ubishi ule wa viongozi na vijana, ambao kwenye magazeti haukuisha, wao waliumaliza kwa vitendo, jukwaani.

Sababu ya pili ni muziki wenyewe. Sikilizeni kwa makini, msisikilize kwa spika ya simu mkaja kusema sikuwaambia. Kinachonikamata mimi ni kwamba ngoma haikuwekwa kama pambo. Kuna bendi zinapiga roki halafu zinatia kangoma kadogo juu, kama kubandika stika ya twiga kwenye begi ili watalii wanunue. Hapa sivyo. Ngoma na besi ndizo zinazoshika wimbo, gita na kinanda vinapanda juu yake na kuzunguka. Sisi watu wa kusini hili tunalielewa haraka. Aliyewahi kusimama kwenye ngoma za jando na unyago kule Ruangwa usiku kucha anajua kitu kinachoitwa kuzamishwa na mdundo: unarudiwa rudiwa mpaka mwili unajiendesha wenyewe na saa zinapotea. Wazungu walitumia vidonge na mitambo kutafuta hali hiyo wakaipa jina la saikedeliki. Bibi zetu walikuwa nayo bure, kwa ngoma tatu na pombe ya mabibo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema roki hii ni ya kuiga, nacheka. Kifaa ni cha kuazima. Hali yenyewe ni ya hapa.

Sababu ya tatu ni walichokisema. Angalieni tu majina ya nyimbo kwenye mkusanyiko ule: Enzi za Utumwani, Black Is Beautiful, Let's Live Together. Hawa sio watu waliokimbilia roki ili wasahau kwao. Na hapa ndipo Nachingwea inapoingia, maana najua mmekuwa mkijiuliza hii field inahusiana nini na magita.

Mimi ni wa Ruangwa, nafundisha Historia Nachingwea. Kwa wenzetu mnaodhani huku ni porini tu: Nachingwea Waingereza walikuja kulima karanga kati ya 1947 na 1951, wakajenga na reli kutoka Mtwara, mpango ukafeli vibaya, na reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Kisha FRELIMO wakafanya hapa kambi yao kubwa ya mafunzo, na Samora Machel aliishi na kufundisha wapiganaji hapa. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Ave Africa inarekodiwa mwaka unaofuata. Huo ndio upepo uliokuwa unavuma. Bendi iliyotoka nchi iliyofuga wapigania uhuru inakwenda kurekodi kwenye nchi nyingine iliyofuga wapigania uhuru, inaipa albamu jina la kuisalimu Afrika. Salamu ile ilikuwa na maana, sio kauli mbiu ya kwenye fulana. Mwaka 1976 Zimbabwe bado, Namibia bado, Afrika Kusini bado, na ndio mwaka watoto wa Soweto walipigwa risasi.

Na utumwa huku kusini sio sura ya kwanza ya kitabu tu. Njia za misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa zilipita kusini hii kwenda Kilwa Kivinje, ambayo karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa. Hizi njia tunazopita na bodaboda leo, tusijifanye hazina kumbukumbu.

Basi nikaamua kujaribu. Kipindi cha biashara ya utumwa, kidato cha pili, nikaenda na spika ndogo ya bluetooth. Nikaandika ubaoni "Enzi za Utumwani", nikawaambia funga madaftari, sikilizeni kwanza. Darasa likawa kimya kama dakika moja, halafu mabega yakaanza kucheza. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Mwalimu, hii ni singeli ya zamani?" Darasa likaanguka kicheko. Nikamwambia sio singeli, ila swali lako si baya, kaa nalo. Halafu binti mmoja mbele, mpole, huwa hasemi, akauliza: "Mwalimu, mbona wanaimba utumwa kwenye muziki wa kucheza?"

Wadau, lile swali lilikuwa kubwa kuliko andalio langu zima la somo. Tukalijadili mpaka kengele. Mmoja akasema labda walitaka watu wasikimbie, wacheze kwanza halafu wasikie. Mwingine akasema kwao kwenye msiba pia wanapiga ngoma, kwani kucheza ni lazima iwe furaha? Mwingine akasema wimbo ukiwa wa huzuni peke yake redio haipigi. Haya ni mawazo ya watoto wa kidato cha pili ambao wiki iliyopita nilipowauliza madhara ya biashara ya utumwa walinipa vile vile vipengele vitano vya kwenye madesa, kwa mpangilio ule ule. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umetuletea Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Safi kabisa. Lakini vya kufundishia viko wapi? Tunalalamika hakuna vitabu vya kutosha huku tumekalia nyimbo, na nyimbo zenyewe inabidi tuzitafute kwa kampuni ya London.

Sasa nijibu waliokwisha kukunja ngumi.

Wa kwanza atasema: "Mbona waliimba Kiingereza?" Ni kweli, sio nyimbo zote ni za Kiswahili, na kwa maoni yangu zile za Kiingereza ndizo dhaifu zaidi. Maneno yake yanakaa kama ya bango la maandamano, wakati za Kiswahili zina mtu ndani yake. Siwatetei kwa kila kitu. Lakini mtu anayesoma shahada kwa Kiingereza, anayetuma meseji za mapenzi kwa Kiingereza cha kubabaisha, asije kuwahukumu vijana wa 1976 kwa kuimba Kiingereza. Walitaka kusikika Lusaka, Nairobi na London. Sisi pia tunataka.

Wa pili atasema: "Kama ilikuwa nzuri, kwa nini ilisahaulika?" Hili ndilo swali linalonikera kuliko yote, kwa sababu linadhani kusahaulika ni hukumu ya ubora. Hapana. Angalieni mazingira. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kazi nyingi zilipitia Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza, halafu miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Bendi binafsi isiyo na shirika nyuma yake ingenunua wapi hata nyuzi za gita? Na albamu iliyorekodiwa nje ya nchi ingemfikiaje mtu wa Nachingwea? Bendi za mashirika zilirekodi Redio Tanzania na zikapigwa kila siku, ndiyo maana baba zetu wanazijua kwa moyo. Ave Africa haikushindwa na masikio ya watu. Haikuyafikia.

Wala sio wao peke yao. Patrick Balisidya na Afro 70, wale wale ambao wazee wetu wanawakumbuka kwa nyimbo za harusi, walitengeneza albamu iitwayo Bado Kijana pamoja na kundi la Archimedes Badkar la Sweden, watu wa roki ya majaribio kabisa. Niambieni wangapi hapo chuoni wanaijua. Balisidya alifariki mwaka 2004, na tunaendelea kumkumbuka nusu nusu.

Wa tatu atasema: "Wewe umeisifia kwa sababu wazungu wamekwisha kuisifia." Hapa nakubali kuna kitu. Ni kweli kwamba bila Strut nisingeisikia. Ni kweli pia inauma kwamba mlango wa nyumba yetu tunafunguliwa na mgeni mwenye ufunguo. Lakini jibu lake sio kususa nyumba. Na zaidi, nadhani waliisikiliza kwa sikio lao. Wao wanatafuta gita la kukwaruza na santuri adimu ya kuweka kabatini. Wakisikia utumwa na umoja wa Afrika wanapita haraka kurudi kwenye mdundo. Sisi tunayo sababu nyingine ya kusikiliza, na hiyo hakuna mkosoaji wa London anayeweza kutuandikia.

Narudi kwa WITCH kidogo. Siri ya Zango sio kwamba ni albamu bora kuliko za zamani za bendi hiyo. Kiukweli sio. Siri yake ni kwamba Jagari alikuwepo, mzima, mwenye sauti, wa kupanda jukwaani na kusema jamani haya yalitokea. Bendi iliyoundwa upya ni shahidi aliye hai. Mtu akimwona mzee wa miaka sabini anaruka jukwaani, anarudi nyuma kutafuta santuri za 1975. Wazambia wamepata mlango huo. Sunburst hawakurudi jukwaani kwa namna ile, hivyo albamu yao haina wa kuisemea. Inabaki kusemewa na wasikilizaji. Yaani sisi.

Na sisi ni akina nani? Ni walimu watarajiwa, mamia na mamia kila mwaka, tunaotawanywa Ruangwa, Newala, Kasulu, Ngara, kila kona. Hakuna redio yenye matangazo mapana kama hayo! Kila mmoja wetu atasimama mbele ya watoto arobaini, sitini, wengine mia. Kama kila mwalimu wa Historia na wa Kiswahili angeingia darasani na wimbo mmoja tu wa zamani, usiojulikana, wenye kitu ndani, tungefanya kazi ambayo hakuna wizara imewahi kuifanya. Haihitaji bajeti. Inahitaji bando na spika ya kuazima.

Siwaombi muache singeli. Mimi mwenyewe Namungo wakishinda pale Ruangwa nacheza singeli mpaka viatu vinaniachia. Ila nataka siku kijana wa kusini akishika gita na kulikwaruza, asiambiwe anaiga wazungu. Aambiwe, endelea, kuna kaka zako walianza kabla yako.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani, msinikimbie: tafuteni Enzi za Utumwani, vaeni spika za masikioni, sikilizeni mpaka mwisho bila kushika simu. Mkimaliza, lijibuni swali la yule binti wa kidato cha pili. Mimi jibu langu ninalo, lakini silisemi mpaka nisikie ya kwenu.

Tupo pamoja. Wa field kazeni, wa chuoni nitunzieni kitanda.